Hamu ya Zamani na Sauti Tatu: Tahakiki ya Muziki wa Michezo ya Kompyuta za Nyumbani

Waswahili wana methali mbili juu ya mambo ya kale, nazo hazipatani. Moja yasema, "Ya kale ni dhahabu." Nyingine yasema, "Mavi ya kale hayanuki." Ya kwanza yatufundisha kuwa wakati huongeza thamani ya kitu, ya pili yatuonya kuwa wakati huondoa harufu yake tu. Mhakiki anayetaka kupima kazi ya sanaa inayopendwa kwa sababu ya ukale wake hana budi kusimama baina ya methali hizi mbili na kuuliza: je, hiki nilichokishika ni dhahabu, au ni kitu kilichoacha kunuka?

Nakusudia kuuliza swali hilo juu ya sanaa ambayo wengi hawaihesabu kuwa sanaa, nayo ni muziki wa michezo ya kompyuta za nyumbani, hasa ule uliotungwa Ulaya katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kompyuta iliyoitwa Commodore 64. Waliokuwa watoto siku zile katika Uingereza, Uholanzi, Ujerumani na Denmark leo ni watu wazima wenye mvi, na muziki ule bado huwatoa machozi. Wameukusanya, wameupiga upya kwa magitaa na kwa okestra, na baadhi yao hununua mashine mpya zilizoundwa kwa mfano wa zile kuukuu. Shauri langu katika makala haya ni hili: muziki ule wastahili sifa kubwa kuliko ile unayopewa na hamu ya wapenzi wake, na hamu hiyo, ijapokuwa ndiyo iliyouokoa usipotee, ndiyo pia iwezayo kuuzika.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu katika mji wa Basel, aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la kurejea nyumbani na moja la maumivu, akaunda jina la ugonjwa: nostalgia. Kwake yeye ulikuwa ugonjwa hasa, wa kutibiwa, uliowapata watu walio mbali na kwao. Tangu hapo neno hilo limehama kutoka mahali hata wakati; kitamaniwacho leo aghalabu si nchi, bali ni umri uliopita. Kiswahili hakina neno moja lenye maana hiyo yote, wala si aibu. Tuna hamu, nayo hutaka kitu kiwezacho kupatikana: hamu ya chakula, hamu ya kumwona mtu. Tuna kihoro, nacho huombolezea kitu kilichokwenda. Hisia tunayoizungumza ni hamu iliyoingiwa na kihoro. Nafsi yakitaka, kana kwamba chaweza kupatikana, kitu ambacho yajua hakirudi. Nitaiita hamu ya zamani.

Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, alieleza habari za lahani ya wachungaji wa ng'ombe wa Uswisi. Yasemwa kuwa ilikatazwa kupigwa mbele ya askari wa Kiswisi waliotumikia nchi za nje, maana waliisikia wakalia, na wengine wakatoroka. Rousseau aliona kwamba lahani hiyo haina nguvu kama hiyo kwa mgeni. Kwa hiyo akahukumu kuwa hapo muziki haufanyi kazi ya muziki, bali kazi ya ishara ya kumbukumbu. Hukumu hii ni nzito kwetu. Ikiwa ndivyo ulivyo muziki wa Commodore 64, basi mhakiki hana kazi. Kilichobaki ni kuwaachia wenyewe machozi yao.

Lakini Rousseau ametupa pia kipimo, nacho ni sikio la mgeni. Mimi ni mgeni wa jambo hili. Utotoni kwetu hapakuwa na kompyuta, na muziki huu niliusikia mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari Ulaya, kwa wenzangu walionitangulia kwa umri. Hauna kwangu harufu ya nyumba ya mama wala likizo ya shule. Basi kilichomo humo nikakipenda, hakikuletwa na kumbukumbu.

Yafaa msomaji aelezwe mashine yenyewe. Commodore 64 ilionyeshwa Marekani Januari 1982, ikaanza kuuzwa Agosti ya mwaka huo kwa dola 595. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64, yaani baiti 65,536, na humo ziliingia kanuni za mchezo, picha na sauti, vyote pamoja. Dakika moja ya muziki katika faili la kawaida la siku hizi huchukua nafasi karibu mara 15 ya hiyo yote. Kwa hiyo haikuwezekana kuhifadhi wimbo uliorekodiwa. Mtungaji aliandika tarakimu, na tarakimu hizo zikawa amri kwa chipu ya sauti iliyoitwa SID, iliyobuniwa na Robert Yannes. Chipu hiyo ilikuwa na sauti tatu tu. Kila sauti iliweza kupewa umbo moja kati ya manne ya mawimbi, na kupangiwa jinsi itakavyopanda, itakavyoshuka, itakavyodumu na itakavyofifia. Palikuwa na chujio moja la kushirikiana.

Sauti tatu ni chache mno. Ukitumia moja kwa besi na moja kwa ngoma, imebaki moja ya kubeba lahani, na hakuna tena ya kuifuata na kuitegemeza. Watungaji wakabuni hila. Walichukua noti tatu zilizopaswa kulia pamoja, wakazipanga zipokezane katika sauti moja kwa kasi kubwa, kila noti sehemu moja kati ya 50 ya sekunde. Sikio likishindwa kuzitenga huziunganisha, likasikia kitu kinachometameta, si noti moja wala si tatu. Hila hiyo ilizaliwa na ufukara, lakini sauti yake haikupata kusikiwa katika ala yoyote ya mikono, kwa kuwa hapana mikono iwezayo kuipiga.

Mfano bora ni Monty on the Run, mchezo wa mwaka 1985. Muziki wake ulitungwa na Rob Hubbard, mzaliwa wa mji wa Hull, aliyekuwa mpiga kinanda katika bendi kabla ya kujifundisha kuandika programu. Mchezaji humwongoza fuko aliyetoroka gerezani, na muziki nao ni wa mtoro: waanza kwa mbio, besi ikimkimbiza msikilizaji. Utungo wadumu karibu dakika sita, jambo la ajabu katika nafasi ile finyu, wala hauzijazi dakika hizo kwa kurudiarudia. Wafika mahali ambapo sauti moja yaachwa ijitokeze, ikapindwa juu na chini kama uzi wa gitaa, na mbili zilizobaki zikabeba mzigo wote wa chini bila kuonyesha kuchoka. Aliyezoea ushairi wetu ataitambua furaha hii. Mshairi mwenye mizani 16 katika mstari, nane huku na nane huku, hasifiwi kwa kuwa amefungwa. Husifiwa kwa kuwa ametembea ndani ya kifungo kama aliye huru. Najua ulinganisho huu una mpaka. Mizani ya shairi imechaguliwa na kurithishwa na jamii, na sauti tatu ziliwekwa na kiwanda. Walakini sikio halimwulizi mtunzi nani aliyemfunga. Humwuliza amefanya nini.

Kuna jambo jingine katika utungo huo ambalo wapenzi wake hawalitaji vya kutosha. Mbio zake za mwanzo zatokana na Devil's Galop, muziki wa Charles Williams ambao Waingereza waliuzoea tangu mwaka 1946 katika mchezo wa redio juu ya mpelelezi Dick Barton. Maana yake, kitu ambacho watu wa miaka ya 1980 wakililia kama utoto wao, ndani yake mna utoto wa wazazi wao. Hamu ya zamani hudhani imefika kwenye chemchemi. Mhakiki akichimba kidogo aona maji yale yametoka mbali zaidi.

Sasa nitoe mfano wa upande wa pili, maana kipimo kisichokataa kitu si kipimo. Manic Miner, mchezo wa Matthew Smith wa mwaka 1983, ulitungiwa kompyuta nyingine, Sinclair ZX Spectrum, ambayo katika hali yake ya awali haikuwa na chipu ya muziki, ila kipaza sauti kidogo kilichofunguliwa na kufungwa na kichakataji chenyewe. Mchezo huo ni wa werevu mwingi, nami siudharau. Lakini muziki wake wakati wa kucheza ni kipande kifupi cha Grieg, kikirudiwa na kurudiwa kwa sauti ya kukwaruza. Nimeona watu wakitabasamu mara wakisikiapo noti zake za kwanza. Mimi nasikia kelele. Hapa Rousseau ameshinda: hii ni ishara ya kumbukumbu, wala si zaidi. Mwenye hamu ya zamani huziweka tungo hizi mbili katika kapu moja, kwa sababu zote mbili zamkumbusha miaka ileile. Hilo ndilo kosa lake la kwanza: hamu haichagui.

Kosa la pili ni kuyatamuza mambo yaliyokuwa machungu. Ulaya michezo mingi iliuzwa katika kaseti, na mchezaji alingoja dakika kadhaa mpaka programu iingie katika kumbukumbu. Mara nyingine mwisho wa kungoja ukawa ni kushindwa, akaanza upya. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," nayo iliwaumiza. Leo kungoja huko husimuliwa kama ibada. Ukweli ni kwamba watungaji waliuona uchungu huo, wakautibu: wakatunga muziki wa kupigwa wakati kaseti ikisomwa, kama ule wa Hubbard katika Sanxion wa mwaka 1986. Tukiigeuza subira ile kuwa tamu yenyewe, twamnyang'anya mtungaji sifa ya kuifanya ivumilike.

Kosa la tatu ni kudhani kuwa ipo sauti moja ya asili ya kurejewa. Haipo. Muziki huo aghalabu uliendeshwa kwa mapigo ya picha ya televisheni, 50 kwa sekunde Ulaya na 60 Marekani. Kwa hiyo utungo uleule ulikwenda mbio zaidi upande wa pili wa bahari. Chujio la chipu za kwanza lilitofautiana mashine na mashine, hata utungo uliong'aa kwa mtu huyu ulififia kwa jirani yake. Tena chipu zile zilikuwa na kasoro: kiwango cha sauti kikibadilishwa, husikika mtatariko. Watungaji wakaigeuza kasoro kuwa ala, wakabadilisha kiwango hicho kwa kasi hata ikatoka milio iliyorekodiwa, kama alivyofanya Martin Galway katika Arkanoid wa mwaka 1987. Kiwanda kilipotoa chipu iliyorekebishwa, milio hiyo ikafifia karibu kupotea. Mtafiti wa miswada ya tenzi zetu hatashangaa. Amekwisha kuzoea nakala nyingi za utungo mmoja, kila moja na mwandishi wake na makosa yake, na ajua kuwa kazi yake si kulia juu ya nakala iliyopotea bali kuzilinganisha zilizopo.

Juni 2019 okestra ya Hull Philharmonic ilipiga muziki wa michezo hii katika ukumbi wa mji wa Hull, alikozaliwa Hubbard. Heshima hiyo ilistahili, nami siilaumu. Ila yafaa isemwe kuwa okestra ina sauti nyingi, na utungo wa sauti tatu ukivikwa sauti nyingi huonyesha uzuri wa lahani na kuficha werevu wa ujenzi. Noti zile zilizopokezana kwa kasi zikipigwa pamoja na vinanda vya nyuzi zatoa mlingano mzuri wa kawaida. Kumetameta kwake kumekwisha. Ni kama shairi lililoandikwa upya kwa nathari: maana imebaki, mshairi ametoka.

Bora zaidi naiona kazi nyingine, isiyo na shangwe. Tangu miaka ya 1990 watu wa kujitolea wamekusanya tungo hizi katika hazina iitwayo High Voltage SID Collection, na leo zimepita 50,000. Hawakuhifadhi rekodi, wamehifadhi amri zenyewe alizoziandika mtungaji kwa chipu. Humo dhahabu na takataka zimo pamoja, kama ipasavyo katika hazina, ili msomaji achambue. Kazi hiyo ilianzishwa na hamu ya zamani, lakini imezaa kitu kisichoihitaji tena.

Hapo ndipo lilipo jambo zito. Kizazi kilichokuwa na miaka kumi mwaka 1985 kitapita kama vizazi vyote. Ikiwa muziki huu wasifiwa kwa kuwa ulikuwa wetu tu, siku wenyewe watakapoondoka hautakuwa wa mtu, na wenye kufunga maduka watakuwa na haki ya kuutupa. Ukisifiwa kwa yaliyomo ndani yake, yaani kwa jinsi sauti tatu zilivyogawana kazi ya kumi, kijana ambaye hajapata kuiona kaseti ataupokea na kujifunza. Wapenzi wake hupenda kumwambia mgeni, "Huwezi kuelewa, hukuwapo." Nionavyo mimi, wangemkaribisha, wakamkalisha mbele. Kumbukumbu ni mali ya mwenyewe, naye huzikwa nayo. Utungo ni mali ya asikiaye.