Muyaka, Hakimiliki na Kujibizana

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, mradi kazi yake iwe imeandikwa au imenaswa kwa namna ya kudumu. Kwa sharti hilo Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, asingalikuwa na haki yoyote: tungo zake zilidumu vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya, na diwani ikachapishwa na Hichens mwaka 1940.

Sheria hiyo haimmilikishi mtu bahari wala vina. Hapo haidhuru ubunifu. Tatizo li katika kujibizana. Katika Mji wa Kale mtunzi hulipokea fumbo la mwenzake kwa vina vilevile, na pengine huazima hata kibwagizo, yaani maneno yenyewe. Uazimaji huo si wizi, bali ndiyo heshima. Lakini sheria ikisomwa kwa ukali, wahitaji idhini.

Sheria ya 2016 ya kulinda sanaa za jadi huipa haki jamii. Muyaka si jamii, ana jina. Amebaki nje ya sheria zote mbili, na kwa sababu hiyo kijana wa Buxton angali huru kumjibu.