Kikohozi cha Tarumbeta: Uhakiki wa Utani katika Uuzaji wa Ala za Shaba Zilizotumika, Katonga, Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanahakiki utani wanaotaniana wapiga matarumbeta wanapouziana ala zilizotumika. Data imetokana na ushuhuda wa mwandishi, ambaye amepiga tarumbeta katika kikundi cha harusi huko Katonga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Hoja kuu ni kwamba utani huu si kiburudisho kinachoambatana na biashara tu, bali ni namna ya kutamka kasoro ya chombo bila kumvunjia muuzaji heshima. Hata hivyo, ukweli huo hukamilika pale tu mnunuzi anapojibu na chombo kinapopulizwa. Vitu hivyo viwili vikikosekana, maneno yaleyale yaliyofichua kasoro huifunika.

1.0 Utangulizi

Katonga ni mahali pa wavuvi wa dagaa. Siku za mbalamwezi taa za uvuvi hazivuti samaki vizuri, mitumbwi hupumzishwa, na watu hupata nafasi ya kuoa na kuozesha. Kazi ya wapiga matarumbeta hufuata mwezi kama kazi ya wavuvi inavyoufuata, ingawa kwa upande wa pili. Kikundi cha mwandishi kilikuwa na watu sita, matarumbeta matatu, tuba moja na ngoma mbili. Hakuna ala hata moja ya shaba iliyonunuliwa ikiwa mpya. Kila moja ilipita mikononi mwa watu wengine kabla ya kufika kwetu, na kila moja iliingia kwa mzaha.

Wahakiki wa fasihi simulizi hawajaupa mzaha wa namna hii uzito unaostahili. Katika uainishaji wa Mulokozi (1996), malumbano ya watani yamewekwa ndani ya utanzu wa mazungumzo, pamoja na hotuba na soga. Uainishaji huo unafaa, lakini umezoeleka kutumiwa kwa utani wa makabila, hasa ule wa misibani. Mzaha wa watu wa kazi moja wanaouziana zana huachwa uhesabiwe kuwa soga, yaani maneno ya kupitisha wakati. Makala haya yanaupinga mtazamo huo.

2.0 Utani, Njia ya Misafara na Ala za Shaba

Radcliffe-Brown (1940) aliueleza utani kuwa uhusiano ambao mtu anaruhusiwa, na mara nyingine analazimika, kumtania mwenzake, naye mwenzake hatakiwi kukasirika. Moreau (1944) aliuchunguza uhusiano huo miongoni mwa makabila mengi ya Tanganyika. Kwa Ujiji jambo hili si geni. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora, na wapagazi waliopita njia hiyo walihitaji watani wa kuwapokea, kuwalisha na kuwazika walipokufa ugenini. Kwa hiyo, tangu mwanzo utani ulikuwa na kazi ya kiuchumi: ulimwezesha mgeni kuomba na mwenyeji kukataa au kutoa, bila ugomvi.

Ala za shaba nazo zina historia yake. Ranger (1975) ameonesha jinsi ngoma ya beni ilivyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi za kijeshi, kisha ikaenea bara kwa kasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, kwa miguu ya askari na wapagazi. Wasio na uwezo wa kununua shaba walibuni. Katika malipenga ya Nyasaland, watu walitengeneza mabuyu yaliyotoa sauti ya tarumbeta. Mitchell (1956) alipoichunguza ngoma ya kalela huko Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, alikuta wachezaji wakiyatania makabila mengine katika nyimbo zao, na aliihusisha ngoma hiyo na mbeni iliyoitangulia. Hivyo basi, uhaba wa ala na utani vimekuwa jirani katika sanaa hii kwa muda mrefu.

Baada ya uhuru, bendi nyingi kubwa za dansi nchini zilimilikiwa na mashirika. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilikuwa ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Katika mfumo huo mwenye vyombo alikuwa mmoja na wapigaji walikuwa wengine. Mwanamuziki alipohama bendi aliondoka na pumzi yake, chombo kikabaki. Kwa kikundi kidogo cha harusi, kumiliki tarumbeta, hata lililobonyea, ni kujikomboa kutoka kwa mwenye vyombo. Hapo ndipo uzito wa mauzo haya ulipo.

3.0 Lugha ya Mwalo katika Kuuza Chombo

Mifano ifuatayo ilisikika ana kwa ana. Muuzaji mmoja alisema kuhusu tarumbeta lake: "Lina mchanga kidogo, kama dagaa wa chini." Mwingine: "Vali zake zimeonja mawese." Wa tatu, akiwa ameshika chombo ambacho vali zake hazikusogea kabisa: "Hili halijafa, mtani. Limelala tu kama mtumbwi siku za mbalamwezi."

Kwa asiye mwenyeji, hizi ni tashbiha za kuchekesha. Kwa mwenyeji ni taarifa. Dagaa waliokaushwa chini hushika mchanga, nao huuzwa kwa bei ndogo kuliko waliokaushwa juu ya vichanja. Anayesema "dagaa wa chini" ameshataja kasoro, na pia ameshakiri kwamba bei itashuka. Mawese ni mafuta ya kupikia yanayopatikana kila nyumba Kigoma, lakini yakipakwa kwenye vali huganda na kuzifanya nzito. Kauli ya pili, basi, inasema kwamba mwenye chombo hakuwa na mafuta yanayofaa, na kwamba kinahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Kauli ya tatu ni nzito zaidi: mtumbwi wa mbalamwezi utarudi majini, lakini si leo.

Fani ya kauli hizi haikamiliki bila jibu. Kwa kauli ya dagaa wa chini, mnunuzi alijibu: "Mchanga sinunui. Nipimie dagaa peke yake." Waliokuwapo walicheka, na muuzaji akapunguza bei. Hakuna aliyesema "chombo chako ni kibovu" wala "unataka kuniibia." Istiari iliyotolewa na muuzaji ilichukuliwa na mnunuzi na kurudishwa ikiwa hoja ya bei. Haya ni malumbano kamili, yenye hoja, jibu, hadhira na uamuzi.

Kuna pia msemaji wa tatu, yaani chombo chenyewe. Baada ya maneno, tarumbeta hupulizwa. Mulokozi (1996) ameipa fasihi inayowasilishwa kwa ngoma na ala nyingine jina la ngomezi. Hatudai kwamba kupuliza tarumbeta la kuuzwa ni ngomezi kwa maana kamili, kwa sababu sauti hiyo haibebi maneno. Lakini katika tukio hili sauti hufanya kazi ya shahidi: huthibitisha mzaha wa muuzaji au huukanusha, na hadhira husikia.

4.0 Mzaha Usio na Jibu

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwetu Katonga harusi zilipungua, na mpigaji mmoja aliuza tarumbeta lake ili alishe nyumba. Ziwa lilipofunguliwa, mwandishi alipewa jukumu la kutafuta jingine. Alilipata kwa simu, kutoka kwa mpigaji wa mkoa mwingine waliyekuwa wakitaniana kwa muda mrefu. Ilikuja picha nzuri ya chombo kilichong'arishwa, pamoja na maneno haya: "Halina tatizo, mtani. Lina kikohozi cha asubuhi tu." Mwandishi alicheka, akatuma shilingi 350,000 za mfuko wa kikundi.

Chombo kilipofika, vali ya pili ilikuwa imekwama na bomba moja lilikuwa limelehemiwa vibaya hata likavujisha pumzi. Harusi ilikuwa keshokutwa. Tulipiga kwa matarumbeta mawili, na malipo yetu yakakatwa. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu: "Si nilikwambia linakohoa?"

Jibu hilo ni gumu kulipinga. Kwa maneno, kasoro ilikuwa imetajwa. Tofauti na mfano wa dagaa haipo katika kauli ya muuzaji, kwani zote mbili ni istiari zinazopunguza ukali wa ukweli. Tofauti ipo katika yaliyofuata. Mwenye dagaa alijibiwa, na chombo chake kikapulizwa mbele ya watu. Mwenye kikohozi alichekewa tu. Mwandishi alikuwa na nafasi ya kujibu, "Basi hebu tukisikie hicho kikohozi," naye hakuitumia, kwa kuwa aliona kumhoji mtani ni kuharibu utani. Kosa hilo ni la kihakiki kabla ya kuwa la kibiashara: alichukulia utani kuwa kicheko, ilhali ni malumbano.

Hapa nadharia ya Radcliffe-Brown inahitaji nyongeza. Kutokasirika hakumaanishi kutojibu. Mtani anayekubali kila neno hatimizi wajibu wake, na wanaoumia si yeye peke yake. Fedha zile zilikuwa za watu sita, na mmoja wao alikuwa akingoja zamu yake ya kukopa mfukoni ili alipe ada ya mtoto.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba utani wa wapiga matarumbeta una muundo wa sehemu tatu: kauli ya muuzaji, jibu la mnunuzi na sauti ya chombo. Sehemu ya kwanza peke yake haiwezi kuhukumiwa kuwa kweli wala uongo. Tunapendekeza watafiti wanaokusanya utani wa watu wa kazi, wawe wavuvi, mafundi au wanamuziki, waandike pia jibu, bei iliyofikiwa na watu waliokuwapo, badala ya kuorodhesha kauli za kuchekesha pekee.

Kwa wanamuziki wenyewe pendekezo ni jepesi zaidi. Pale ambapo muuzaji yuko mbali, apigiwe simu na chombo kipulizwe angali kwenye simu, noti moja baada ya nyingine, kabla fedha hazijatumwa. Mtani wa kweli hatachukia ombi hilo. Tarumbeta la kikohozi limekwisha kutengenezwa na fundi wa Ujiji, ingawa vali ya pili bado ni nzito wakati wa baridi. Kikundi kimekubaliana kwamba siku likiuzwa, jambo hilo litatajwa, kwa mzaha au bila mzaha, na mnunuzi atalipuliza kwanza.