Filme ya Dokta Mukwege: mama wa kipoyi yuko wapi?

Jana nimerudia kutazama L'homme qui répare les femmes ya Thierry Michel. Filme ya nguvu. Mwaka 2015 serikali yetu iliikataza, kisha ikaiachilia. Lakini mi niko na neno. Ubakaji wa vita unajaza karibu filme yote, na fistula inatokana pia na uchungu wa kuzaa wa siku mbili bila operesheni. Dokta mwenyewe alianzia Lemera na wamama wa namna hiyo, njo wazo la kufungua Panzi, 1999. Yule anayebebwa kwenye kipoyi, barabara imekatika na mvua, hana nafasi kubwa mule. Mi nafanya kazi na wamama wakulima: namuona kila msimu wa kupanda.