Mkalimani Kati ya Wafiwa: Filamu ya Lilting
Katika filamu ya Lilting (2014) ya Hong Khaou, Kai amefariki bila kumweleza mamaye, Junn, kwamba Richard alikuwa mpenzi wake. Junn, Mchina wa Kambodia akaaye London, hajui Kiingereza. Richard kwake ni rafiki tu wa mwanawe, tena asiyependeza. Richard amleta Vann awe mkalimani baina ya mama huyo na mzee wa Kiingereza amtakaye.

Uzito wa kazi hii umo katika muda wa kungoja tafsiri. Mtazamaji, aliyekwisha kusoma maandishi chini ya picha, huyajua maneno kabla ya mhusika aliyeambiwa. Hivyo naye hugeuka mtunza siri. Machozi ya Richard, ambayo pengine yamezidi kiasi, hayaufikii ukimya huo. Na siri inapotamkwa hatimaye, yatamkwa kwa lugha asiyoijua mama.