Hadithi katika Michezo ya Vidio

Jioni baada ya mafundisho, vijana wengi wa Kisangani hukusanyika mbele ya televisheni kucheza michezo ya vidio. Wazazi huniuliza: "Mwalimu, je, ni dhambi?" Nami huwauliza kwanza: mchezo wenyewe wasimulia nini?

Maana iko michezo ya kupiga bunduki tu. Adui hana jina, hana mama. Akianguka, huja mwingine. Lakini sisi wa mji huu, tuliosikia mizinga siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mitaani mwetu, twajua ya kuwa kila aliyeanguka alikuwa na jina. Hadithi ndiyo impayo mtu jina.

Tazameni mchezo wa kompyuta uitwao Aurion, uliotengenezwa na Kiro'o Games huko Yaoundé, Kameruni, ukatolewa mwaka 2016. Mwana wa mfalme, Enzo Kori-Odan, ananyang'anywa enzi na shemeji yake siku ya kutawazwa, ambayo ndiyo siku ya arusi yake. Anakwenda uhamishoni pamoja na mkewe Erine, na nguvu yao ni urithi wa wahenga. Mambo mawili hapo ni mema. Mke hakuachwa nyuma akilia, bali anapigana kando ya mumewe. Tena mnyang'anyi ni kaka yake Erine; basi vita hivi vina uchungu wa ukoo, wala si mchezo wa shabaha tu.

Lakini kasoro iko. Mazungumzo ni marefu mno, na mchezaji hana kazi ila kubonyeza ili maneno yapite. Kisha vita huanza tena. Hadithi na mapigano vimekaa kama maji na mafuta. Nabii Natani hakufanya hivyo. Alimsimulia Daudi habari za tajiri aliyechukua mwana-kondoo wa maskini, akamwacha akate hukumu mwenyewe, ndipo akamwonyesha kwamba tajiri yule ni yeye. Mchezo mwema ungefanya vivyo hivyo: mkono wa kijana utende, kisha hadithi iulize moyo wake.

Basi, enyi wazazi, msivunje mitambo. Ketini karibu na mtoto, mwulizeni: "Umempiga nani, na kwa sababu gani?" Asipokuwa na jibu, zimeni. Akianza kusimulia, msikilizeni hata mwisho.