Mgoni Aliyefutwa Wimboni

Katika filamu za zamani zisizo na rangi, Jacques Brel haimbi kwa utulivu. Jasho linamtiririka, mikono haikai, na kila anayetajwa utadhani yuko naye jukwaani. Mbelgiji huyu aliyekimbia kiwanda cha maboksi cha ukoo wake aliimudu kazi iliyobaki na mafundi wachache: kutunga wimbo wa kuaga.

Mwaka 1961 alitoa Le Moribond, wimbo wa mtu aliye mahututi. Mgonjwa anaaga wanne. Wa kwanza ni sahibu yake wa miaka mingi, wa pili padri ambaye hawakuwa njia moja. Wa tatu ni Antoine, na hapa ndipo ufundi ulipo. Antoine ni mgoni wake. Mgonjwa hamlaani, wala hajitii utakatifu wa kumsamehe. Anamwambia peupe kwamba hakumpenda, na kwamba inamuuma kufa akimwacha yeye na siha yake. Kisha anamkabidhi mke amtunze. Mke mwenyewe anaagwa mwisho, kwa upole wenye mwiba: mume amemfumbia macho mara nyingi, basi na leo anaondoka ameyafumba. Na kiitikio kinataka watu wacheke na kucheza siku ya kumfukia.

Kwetu, kabla ya maziko, msemaji wa familia huuliza kama yupo anayemdai marehemu. Brel alimpa marehemu nafasi ya kudai mwenyewe, pumzi ingalimo.

Kisha wimbo ukavuka bahari. Rod McKuen, mshairi wa Marekani, aliuandika upya kwa Kiingereza: Antoine akaachwa njiani, padri akawa baba mzazi, mke akabaki na makosa yake. Mwaka 1970 bendi ya Beach Boys ilijaribu kuurekodi, ikauacha. Mkanada Terry Jacks, aliyekuwa nao kazini, akauchukua, akamwondoa na mke, mahali pake akamweka msichana Michelle. Jacks alisema alikuwa akimlilia rafiki aliyefariki kwa saratani ya damu. Msiba wake siubezi. Mwaka 1974 wimbo huo, kwa jina lake la Kiingereza Seasons in the Sun, ulikaa kileleni Marekani wiki 3. Mwaka 1999 kundi la Westlife likaurudia, kizazi kingine kikalia.

Brel alifariki Oktoba 1978, akiwa na miaka 49, akazikwa Hiva Oa, kisiwa cha mbali katika Pasifiki. Wimbo wake unaimbwa, ila aliowaaga wengi hawamo. Kila anayeagwa sasa ni kipenzi, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Nasi tumeizoea tabia hiyo: msibani spika zinanguruma sifa, tofauti zinamezwa, na wimbo mmoja unamfaa maiti yeyote. Kumuaga umpendaye, machozi yanatosha. Fundi alihitajika kwa ajili ya Antoine. Tulipomfuta Antoine, tukamwachisha fundi kazi, na madai yasiyosemwa tunawaachia warithi.