Muuza Vitabu wa Kando ya Barabara

Jua halijapanda, muuza vitabu vya mitumba katikati ya Dar es Salaam ameshatandika turubai. Anafuta vumbi kitabu kimoja kimoja, anapaka gundi mgongo uliobanduka, anageuza majalada yasipauke upande mmoja. Wingu likitanda, nailoni inavutwa upesi. Karatasi ikilowa, mtaji umekwenda. Jioni anafunga maboksi kwa kamba, anayabeba hadi stoo.

Sisi watunzi ndio tunaosifiwa. Lakini yeye ndiye aliyeniwekea *Rosa Mistika*, riwaya ya Kezilahabi iliyotoka 1971, kisha akaniuliza nimeionaje. Tukabishana kwenye benchi lake mpaka magari yakawasha taa. Urafiki ukaanzia hapo. Bei aliyoandika kwa penseli nililipa. Mazungumzo yale bado nadaiwa.